Leseni ya Teksi Iliyokatika kwa Siku 11: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kinamhusu dereva wa teksi katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, mzaliwa wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambaye leseni ya gari lake ilikatika kwa siku 11, na kwa siku hizo chache akakaribia kupoteza riziki aliyoijenga kwa miaka mingi. Nimekiandika kwa ridhaa yake, kwa ajili ya madereva wanaozungumza Kiswahili walioko Uingereza na kwa kila anayewasaidia kuzielewa barua za halmashauri. Jina lake, mji, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha yeye au wengine waliohusika nimeviondoa. Mimi si wakili. Ninajitolea katika kituo cha jamii, ambako siku za Jumamosi watu huniletea barua rasmi tukazisoma pamoja, tukapanga cha kujibu. Nilishiriki katika maamuzi mengi yaliyoelezwa hapa, likiwemo moja lililokuwa baya.

Kanuni zinavyofanya kazi

Uingereza haina leseni moja ya teksi inayotumika nchi nzima. Katika England na Wales, nje ya London, kila halmashauri hutoa leseni zake chini ya sheria kongwe ya mwaka 1847, iliyotungwa enzi za magari ya kukokotwa na farasi, ikisaidiwa na sheria ya mwaka 1976 iliyoongeza udhibiti wa magari ya kuagizwa (private hire). Teksi kamili yaweza kusimama kwenye kituo cha teksi ikingoja abiria, na yaweza kusimamishwa barabarani kwa kunyooshewa mkono, ilhali gari la kuagizwa haliruhusiwi kubeba mtu yeyote ambaye safari yake haikuandikishwa kwanza kwa kampuni yenye leseni. Leseni ya dereva ni jambo moja na leseni ya gari ni jambo jingine. Ya dereva kwa kawaida hudumu miaka 3, wakati ya gari haizidi mwaka mmoja, na kuwa na mojawapo hakumaanishi kuwa unayo ya pili. Mkanganyiko wa leseni hizi mbili ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote.

Suala la kiti mwendo, yaani kiti cha magurudumu, liliingia kwa mlango wa idadi. Tangu Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1985, halmashauri haiwezi kukataa kutoa leseni ya teksi kwa lengo la kupunguza idadi, isipokuwa imejiridhisha kwamba katika eneo lake hakuna mahitaji makubwa ya teksi yasiyotoshelezwa. Halmashauri nyingi zilipoacha kuweka kikomo cha idadi, ziliweka sharti la ubora badala yake: anayetaka leseni mpya ya teksi alete gari ambalo abiria anaweza kuingia nalo akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Waliokuwa na leseni kabla ya sharti hilo waliachiwa magari yao madogo ya kawaida, mradi wahuishe leseni kila mwaka bila kukatika. Madereva wetu huuita msamaha huo "bamba la zamani", kwa sababu ya bamba la leseni linalofungwa nyuma ya gari. Ndiyo maana katika miji mingi utakuta kwenye kituo kimoja gari dogo la milango minne limesimama nyuma ya gari refu lenye njia mteremko ya kupandishia kiti, yote mawili ni teksi kamili, na yanatoza nauli ileile. London haina mchanganyiko huo, kwani tangu tarehe 1 Januari 2000 teksi zake zote zinapaswa kuweza kubeba kiti mwendo.

Juu ya kanuni za mji kuna Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Vifungu vyake vinavyomlazimu dereva wa gari lililoorodheshwa kuwa la kiti mwendo kumbeba abiria huyo, kumsaidia kuingia na kutoka, na kutomtoza hata senti ya ziada, vilianza kutumika Aprili 2017. Tarehe 28 Juni 2022 vilipanuliwa. Halmashauri sasa inalazimika kuwa na orodha ya magari hayo, na dereva wa gari lolote, hata dogo la kawaida, ana wajibu wa kumpa abiria mwenye ulemavu msaada unaostahiki. Anayevunja wajibu huo bila utetezi anaweza kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000. Dereva ambaye afya yake hairuhusu kazi ya kusukuma na kufunga viti anaweza kuomba cheti cha msamaha. Cheti hicho nitakirudia, maana ndicho kilichotuangusha mwanzoni.

Mhusika na bamba lake

Dereva wetu, ambaye nitamwita Mzee kama tunavyomwita kituoni, alikuwa na bamba la zamani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Gari lake lilikuwa dogo, safi, lenye viti vya urefu wa wastani, na sehemu kubwa ya wateja wake wa kudumu walikuwa wazee wa mtaani waliomwita kwa simu kwenda hospitali na sokoni. Hakuwahi kupata malalamiko wala kusimamishiwa leseni. Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu alipoumia akifanya kazi ya kiwandani, lakini hakuwa ameomba cheti chochote, kwa sababu gari lake halikuwa kwenye orodha ya magari ya kiti mwendo.

Zilipokuwa zimebaki wiki tatu kabla ya leseni ya gari kwisha, alipigiwa simu kuwa mama yake amefariki. Alisafiri usiku uleule. Halmashauri ilituma barua pepe ya kumkumbusha, lakini anwani iliyokuwa kwenye kumbukumbu zao ilikuwa ya binti yake, aliyekuwa ameolewa na kuacha kuitumia. Ukaguzi wa gari, ambao lazima upite kabla ya kuhuisha, haukuwa umepangiwa siku. Mzee alikaa matanga, akashughulikia mirathi ya shamba dogo, akarudi England siku ya 11 baada ya leseni kwisha.

Yaliyotokea aliporudi

Alikwenda ofisi ya leseni asubuhi iliyofuata, akiwa na fedha za ada na imani kwamba atalipa faini ya kuchelewa na kuendelea, kwa kuwa huko alikotoka ndivyo alivyozoea leseni iliyochelewa ishughulikiwe. Karani alimweleza kwa upole kwamba hakuna faini kwa sababu hakuna cha kutozwa faini: leseni haikuchelewa, imekwisha. Ombi lolote atakaloleta sasa litakuwa la leseni mpya, na leseni mpya hutolewa kwa gari la kiti mwendo pekee. Akaombwa arudishe bamba.

Alilifungua mwenyewe kwa bisibisi pale kwenye maegesho ya halmashauri. Aliniambia baadaye kwamba skrubu mbili zilikuwa zimeshika kutu na ikambidi azizungushe kwa dakika kadhaa watu wakipita, na kwamba katika habari yote hiyo hakuna kilichomuumiza kama dakika zile.

Jumamosi alinijia. Mwenzake wa kituo cha teksi alikuwa amemshauri afanye kazi usiku tu, mwisho wa wiki, "mpaka mambo yakae sawa", kwani nani atakagua bamba gizani? Jambo la kwanza tulilolimaliza lilikuwa hilo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliegesha gari. Kungoja abiria kwa gari lisilo na leseni ni kosa chini ya sheria ileile ya 1847, na zaidi ya hapo bima ya kubeba abiria isingesimama, hivyo ajali ndogo ingeweza kumwachia deni la maisha. Nililitazama pia jambo la tatu, ambalo madereva hulisahau. Halmashauri inapomtathmini mtu hujiuliza kama ni mtu wa kuaminika, na leseni yake ya udereva, iliyokuwa bado hai, ingeweza kufuatwa na tuhuma hiyo. Gari lililoegeshwa linaweza kutetewa, lakini gari lililokamatwa usiku likiwa na abiria lingeondoa kila hoja tuliyotaraji kuitoa.

Kwa kuwa leseni ya udereva ilikuwa hai, kulikuwa na njia ya kupata chakula. Rafiki yake, mwenye teksi ya kiti mwendo, alikuwa akifanya kazi mchana tu, akamkodisha gari kwa usiku. Tulihakikisha kwanza kwamba bima ya gari inamtaja Mzee. Njia nyingine ilikuwa kuliandikisha gari lake dogo kuwa gari la kuagizwa, ambalo katika mji ule halikuwa na sharti la kiti mwendo. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa kuhofia kwamba kamati ingesema ameshakubali kuondoka kwenye teksi.

Uamuzi wa pili ndio uliokuwa mbaya, na ni wangu. Nilipoona barua ya daktari kuhusu mgongo wake, nilidhani nimepata ufunguo. Niliandika barua nikieleza kwamba Mzee hawezi kusukuma wala kufunga kiti mwendo, kwamba sheria inatoa msamaha kwa dereva wa namna hiyo, na kwamba kwa hiyo si haki kumlazimisha anunue gari la aina hiyo. Jibu lilikuja baada ya siku nne, fupi na sahihi kabisa. Cheti cha msamaha kinamwondolea dereva wajibu wa kumhudumia abiria wa kiti mwendo, lakini hakibadilishi aina ya gari ambalo halmashauri iko tayari kulipatia leseni. Mwenye cheti anaweza kuendesha gari la kiti mwendo, au mtu mwingine akaliendesha kwa niaba ya mwenye gari, na sharti la gari likabaki palepale. Nilikuwa nimechanganya wajibu wa mtu na sifa ya chombo, kosa lilelile ninalowaonya wengine.

Barua ya pili tuliiandika kwa utulivu, na safari hii tulianza kwa kusoma sera ya leseni ya halmashauri kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kurasa nyingi zilizochukua jioni mbili. Hatukuipinga. Tulieleza kwamba tunaikubali sababu yake, na tukaomba jambo moja tu: ombi la Mzee lihesabiwe kuwa la kuhuisha lililochelewa, si la leseni mpya. Msingi ulikuwepo. Halmashauri inaruhusiwa kuwa na sera, lakini hairuhusiwi kuziba masikio kwa mtu mwenye jambo la pekee la kusema, na Mahakama Kuu ilishakubali katika kesi nyingine kwamba kuchelewa kwa muda mfupi hakuizuii halmashauri kutumia busara na kulishughulikia ombi kama la kuhuisha. Tuliambatisha tiketi ya ndege, cheti cha kifo na tafsiri yake, historia ya miaka yote ya kuhuisha kwa wakati, na cheti cha karakana kilichoonyesha kwamba gari limepita ukaguzi wiki ileile aliyorudi.

Kulikuwa pia na swali la rufaa, ambalo lilihitaji wakili na tukampata kwa saa moja bila malipo. Kumbe jina la ombi huamua hata mlango wa mahakama: akikataliwa kuhuisha, rufaa huenda kwa mahakimu, lakini akikataliwa leseni mpya ya teksi, rufaa huenda moja kwa moja Mahakama ya Taji (Crown Court), ambako gharama ni kubwa zaidi. Katika njia zote mbili muda ni siku 21. Kwa kuwa hadi hapo Mzee alikuwa amekataliwa kwa mdomo tu, wakili alishauri tuombe kikao cha kamati na uamuzi wa maandishi, ili ijulikane wazi siku zinaanza kuhesabiwa lini.

Wiki sita kwenye gari la mwenzake

Kikao kilipangwa baada ya wiki sita. Wakati huo Mzee alikuwa akiendesha usiku gari ambalo kwa miaka alilitazama kama la watu wengine. Abiria wake wa kwanza wa kiti mwendo alikuwa mama mmoja aliyetoka kumtazama mgonjwa hospitalini. Mzee aliivuta njia mteremko ya pembeni hadi ikalala juu ya ukingo wa barabara, akaikanyaga kuona kama imekaa, kisha akasimama nyuma ya kiti akijiandaa kukisukuma kwa nguvu zake zote. Mama akamwambia ashushe mikono, apinde magoti kidogo, na aegemee kwa uzito wa mwili badala ya kuvuta kwa mgongo. Kiti kikapanda. Ndani alitafuta pa kunasa ndoano akainasa kwenye gurudumu. Mama akacheka, akamwonyesha chuma cha fremu: ndoano mbili za mbele, mbili za nyuma, zote kwenye fremu, breki ifungwe, na baada ya hapo mkanda wa abiria mwenyewe, wa kiunoni na wa begani, kwa maana mikanda inayokifunga kiti haimshiki mtu. Uso wake uelekee mbele au nyuma ya gari, kamwe si ubavuni. Mita ilikuwa bado haijawashwa, na Mzee alipouliza aiwashe lini, mama alimjibu, "Sasa, tukiondoka."

Safari hiyo ya maili mbili ilichukua muda mrefu kuliko maili tano za mteja wa kawaida, kwa nauli ndogo kuliko hiyo. Ninalisema hili bila kificho kwa sababu ndicho kiini cha manung'uniko ya madereva wengi, na ni manung'uniko ya kweli. Sheria inakataza, kwa haki kabisa, kumbebesha abiria gharama ya ulemavu wake. Haisemi nani aibebe.

Siku ya kikao

Madiwani watano walikaa upande mmoja wa meza. Mwakilishi wa jukwaa la wakazi wenye ulemavu aliruhusiwa kusema, naye ni mwanamke anayetumia kiti mwendo cha umeme. Hakumshambulia Mzee. Alieleza usiku mmoja aliotoka idara ya dharura saa tatu, akaita teksi kampuni baada ya kampuni, na gari likapatikana saa saba na robo. Alisema kila bamba la zamani linalorudishwa kwa huruma ni gari moja lisiloweza kumchukua, na kwamba huruma hiyo siku zote huelekezwa kwa dereva.

Sikuwa na jibu la maneno hayo na bado sina jibu kamili.

Baada yake alizungumza mteja wa Mzee, bibi wa miaka themanini na kitu mwenye nyonga ya bandia, anayetembea kwa fimbo. Yeye gari refu lilimshinda: sakafu iko juu, ngazi ni nyembamba, na mara ya mwisho alipopanda aliingia kwa magoti. Naye ana ulemavu, ingawa hatumii kiti. Kwa gari dogo anageuka, anakaa, anaingiza miguu. Diwani mmoja aliandika jambo hilo kwa urefu.

Kisha barua yangu ya kwanza ilirudi kunisuta. Mwenyekiti aliishika mkononi akamuuliza Mzee: barua hii inasema mgongo wako hauruhusu kuhudumia kiti mwendo, lakini leo unasema umefanya kazi hiyo usiku kwa wiki sita, tuamini lipi? Kulikuwa kimya. Mzee akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba barua iliandikwa kabla hajajua, na kwamba alichokuwa akikiogopa hakikuwa uzito wa kiti, kilikuwa kutojua kukishika. Akaongeza kwamba siku mbaya mgongo unamuuma kweli, na akifikia mahali pa kushindwa ataomba cheti kwa njia inayostahili. Naamini jibu hilo ndilo lililookoa kikao, na halikuwa katika karatasi yoyote niliyoiandaa.

Matokeo

Kamati ilikubali kulichukulia ombi kuwa la kuhuisha, kwa mara hiyo tu, kwa kuzingatia msiba, muda mfupi uliopita na rekodi ya dereva. Mzee, kwa hiari yake, aliandikisha ahadi kwamba gari hilo litakapofikia ukomo wa umri unaoruhusiwa na sera, atalibadilisha kwa gari la kiti mwendo. Alifunga bamba siku iliyofuata. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kipato cha miezi miwili.

Ahadi aliitimiza mwaka na nusu baadaye, na hapo nusura apoteze fedha tena. Teksi mpya ya mtindo wa London inayotumia umeme huuzwa kwa zaidi ya pauni 60,000, fedha asizokuwa nazo, hivyo alitafuta gari lililotumika na kubadilishwa. Alilipata zuri, la bei nafuu, lenye njia mteremko ya nyuma. Kabla ya kulipa amana alinipigia, tukafungua sera: mji ule unakubali magari ya kuingilia pembeni tu, kwa sababu kwenye kituo cha teksi kilichopangwa kando ya barabara, abiria wa kuingilia nyuma hulazimika kushuka katikati ya magari. Mji wa jirani unayakubali yote. Angelinunua, angekuwa na gari halali maili chache kutoka alipo na lisilofaa mtaani kwake. Alinunua la pembeni, tukalipima kwa utepe kwa vipimo vya kiti cha marejeo (kiti cha mfano cha kupimia), yaani urefu wa milimita 1,200 na upana wa 700, na nafasi ya kichwa kwa mtu anayefika milimita 1,350 akiwa ameketi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi kilikuwa gari kuegeshwa. Hakikuonekana kuwa ushindi wakati huo, lakini kila hoja iliyofuata ilisimama juu yake. Cha pili kilikuwa kutenganisha maombi: tulipoacha kuipinga sera na kuomba tu ombi letu lihesabiwe linavyostahili, tuliwapa madiwani njia ya kutusaidia bila kuivunja kanuni waliyoiweka wenyewe. Ushahidi wa karakana nao ulikuwa na uzito kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa ulionyesha kwamba usalama wa abiria haukuguswa na kuchelewa kule.

Yaliyoshindikana ni mengi na baadhi yalikuwa rahisi kuepukwa. Anwani ya barua pepe ya mtu mwingine katika kumbukumbu za leseni ni hatari ambayo hakuna kamati inayolazimika kuihurumia. Ofisi nyingi hupokea maombi ya kuhuisha wiki kadhaa kabla ya leseni kwisha, na anayesafiri ghafla anaweza kumwachia mtu idhini ya maandishi kulipeleka gari kwenye ukaguzi. Barua ya kwanza iliandikwa kwa pupa. Haikuwa na uongo, lakini ilitafuta hoja kabla ya kuielewa kanuni, na barua mbaya haitoweki kwa kuandikwa nyingine nzuri, hubaki jaladani ikingoja siku yake. Kuhusu gari la kuagizwa, leo sina uhakika kwamba nilimshauri vyema. Wiki sita ni nyingi kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, na mwenye watoto wadogo pengine nisingemshauri hivyo.

Kuhusu sera yenyewe, ninaona kwamba yule mwanamke na yule bibi walisema kweli wote wawili, na kwamba mwongozo wa serikali uliotolewa Novemba 2023 uko karibu na ukweli wao unapozitaka halmashauri zipange huduma jumuishi na kuwa na mchanganyiko wa magari. Katika England zaidi ya nusu ya teksi zina uwezo wa kubeba kiti mwendo, ilhali kwa magari ya kuagizwa ni takriban 2 kati ya kila 100. Lakini wingi huo unahesabiwa kwa mabamba. Katika mji wetu teksi nyingi za kiti mwendo huwa na mikataba ya kubeba wanafunzi, hivyo kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, na tena saa nane hadi saa kumi alasiri, orodha ya halmashauri huonyesha magari ambayo abiria wa hospitali hawezi kuyapata. Kanuni inayodhibiti aina ya gari peke yake haifiki kwenye saa hizo, wala kwenye ule usiku wa saa saba na robo.

Chama cha madereva na jukwaa la wakazi wenye ulemavu, ambao kabla ya kikao kile hawakuwahi kukaa pamoja, wamepeleka halmashauri maombi matatu ya pamoja: ada ya leseni ipunguzwe kwa magari ya kiti mwendo yanayofanya kazi usiku, mafunzo ya kufunga viti yawe kwa kila dereva na si kwa wenye magari hayo tu, na sera itaje wazi idadi ya siku za kuchelewa ambazo afisa anaweza kuzisamehe bila kamati. La mafunzo limekubaliwa. Mawili bado yanajadiliwa, na Mzee ameombwa awe mmoja wa watakaowaonyesha wenzake pa kunasa ndoano.